Si kila maji ya puani ni alerji ya vumbi

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita, ukurasa wa afya, mmewapa wasomaji ushauri kuhusu mafua ya kiangazi. Mmeandika kwamba makamasi ya manjano au ya kijani ndiyo ya kumpelekea daktari, ila yakiwa maji meupe matupu basi ni alerji ya vumbi: mtu ajifukize majani ya mkaratusi, apenge kwa nguvu, avumilie mpaka mvua zirudi. Nilikuwa kwenye cherehani nilipousoma, nikamtuma mwanangu aniletee karatasi na kalamu. Kwa watu wengi mliyoyasema ni kweli, sibishi. Kwangu mimi maji hayo meupe yalikuwa yanatoka kwenye ubongo, na ushauri wa aina hiyo hiyo, niliopewa na watu waliovaa makoti meupe, nusura unizike.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Katuba, Lubumbashi. Nashona libaya na magauni ya harusi, na kuanzia Juni hadi Septemba vumbi jekundu la barabara zetu linaingia mpaka ndani ya kopo la vifungo. Kila mtu mtaani anavuta makamasi. Kwa hiyo pua yangu ilipoanza kuchuruzika hakuna aliyeshtuka. Lakini ilikuwa na namna yake. Tundu la kushoto lilikuwa kavu siku zote, la kulia peke yake ndilo lililotoa maji. Asubuhi nikiinamia mbabula, tone linaangukia makaa, chiii. Nikiinama kutunga uzi kwenye sindano, tone. Nikilala chali yanashukia kooni, nakohoa, nasikia chumvi mdomoni. Siku moja yalidondokea satini nyeupe ya bibi harusi wa Ruashi. Niliianika kivulini huku moyo unanidunda, na ilipokauka hapakuwa na doa wala mahali palipokaza. Leso yangu nayo ilikuwa hivyo hivyo. Leso ya mtu wa mafua ikikauka inakakamaa kama imetiwa wanga. Yangu ilikauka laini, unaweza kuirudishia mfukoni. Mimi nilishukuru tu kwamba satini imepona, nikaendelea kushona.

Zaidi ya mwaka mzima nilitibiwa sinusiti, yaani uvimbe wa vyumba vya hewa vya pua. Famasi walinipa vidonge vya alerji vinavyomfanya mtu asinzie juu ya mashine (jambo la hatari, sindano haisinzii), kisha dawa ya kupuliza puani, kisha antibiotiki, kisha antibiotiki nyingine ya bei zaidi. Kwenye kituo kimoja cha afya niliambiwa, "Mama, ni vumbi la Lubumbashi, nenda ukapumzike Likasi," kana kwamba Likasi hakuna vumbi. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, aliniletea ugoro nipige chafya mpaka "zitoke zote". Mama mmoja wa kikundi cha sala alisema ni machozi ya marehemu mama yetu anayelia kupitia kwangu. Huyo angalau hakunidai pesa.

Mvua zilipoanza nikaanguka. Kichwa kiliniuma hadi nikaomba mapazia yafungwe, shingo ikakataa kuinama, homa ikapanda, nikaanza kuwaita watoto kwa majina ya ndugu zangu waliokufa. Baba watoto na jirani walinipakia kwenye taksi usiku. Hospitali walinitoa maji ya mgongo, wakakuta menenjiti, ugonjwa wa utando wa ubongo, iliyoletwa na kijidudu kiitwacho pneumokoki, wakanitundikia dawa za mshipa. Waliniponya, na kwa hilo siwezi kuwasema vibaya. Mtaani nako ilikuwa kesi nyingine. Watu walikumbuka habari za Banalia, kule Tshopo, mwaka 2021, wakaja kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo sijavikata. Ule wa Banalia ulikuwa mlipuko wa kijidudu kingine, meningokoki, unaoruka kutoka mtu hadi mtu. Wangu haukuletwa na mgonjwa yeyote. Pneumokoki hukaa puani na kooni mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Kwangu alikuta mlango uko wazi, akapanda juu.

Malalamiko yangu yanaanzia hapo. Nilipotoka hospitalini nilipewa karatasi, na kwenye karatasi hiyo mstari mmoja ulisema "sinusiti sugu, pua inatoa maji", na mstari wa chini yake ukasema "menenjiti, amepona". Muhuri ukapigwa juu ya yote mawili. Daktari aliyeiandika, muuguzi aliyenisomea, hakuna aliyeuliza kama mstari wa kwanza unahusiana na wa pili. Nikarudi nyumbani na pua yangu inayochuruzika, na antibiotiki za kumalizia.

Aliyeiunganisha mistari hiyo ni daktari kijana wa masikio, pua na koo, niliyemwendea kwa ajili ya sikio la mwanangu. Niliinama kuokota kiatu cha mtoto, tone likaanguka kwenye sakafu yake ya vigae. Akaliacha sikio.

"Mama, yanatoka upande huo tu?"

"Huo tu, daktari."

"Yana chumvi? Na leso yako, ikikauka inakuwaje?"

Tangu niugue hakuna aliyewahi kuniuliza habari za leso. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia niinamishe kichwa mpaka kidevu kiguse kifua, akanishikisha kichupa kidogo chini ya tundu la kulia. Tulikaa hivyo, mimi nimeinama, yeye anamsafisha mwanangu sikio kumbe hakulisahau, mpaka matone yakafunika kitako cha kichupa. Muuguzi wake alileta kijikaratasi cha kupimia sukari ayachovye, kwa sababu maji ya ubongo yana sukari. Daktari akamzuia. Alisema machozi na makamasi nayo yanaweza kuwa na sukari, damu ndiyo kabisa, kwa hiyo kijikaratasi hicho kinaweza kumtia hofu mtu mwenye afya yake. Kipimo cha kuaminika kinaitwa beta-2 transferini. Ni protini iliyomo katika maji ya ubongo, na kwenye makamasi na machozi huikuti. Matone machache yanatosha. Kichupa changu kilisafirishwa kwenye ubaridi hadi maabara ya Afrika Kusini, jibu likarudi: ipo.

Nilidhani maji ya ubongo yakivuja mtu anakufa siku hiyo hiyo. Nikaelezwa kwamba mtu mzima ana kama mililita 150 tu za maji hayo kwa wakati mmoja, yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, lakini mwili unatengeneza karibu mililita 500 kwa siku, yaani nusu lita, na kuyafyonza tena. Kwa hiyo anayevuja hakauki upesi. Anaweza kuumwa kichwa, akachoka, akaishi hivyo miezi na miaka. Kinachoua ni kile kinachopita kwenye tundu lile lile kwenda juu. Hapo ndipo nilipoelewa ugoro wa yaya wangu na "penga kwa nguvu" ya ukurasa wenu: ukipenga kwa nguvu unasukuma hewa na vijidudu kuelekea ubongoni.

Wengi wanaovuja hivi wameumia kichwa au wamewahi kupasuliwa sehemu hizo. Mimi sijawahi kuanguka hata kwenye ngazi. Daktari kwanza alishuku presha ya ndani ya kichwa, kwa kuwa wanaotobokewa bila ajali mara nyingi ni wanawake wa makamo wenye mwili, akanitazama kwa aibu akisema hilo neno "mwili". Nilimwambia aseme tu, mimi ndiye ninayejipima kiuno kila nikishona. Wakaniangalia nyuma ya macho, wakapima presha ya maji ya mgongo, haikuwa juu. Skana ya vipande vyembamba ikaonyesha kitundu kwenye mfupa katikati kabisa ya kichwa, mahali ambapo hata sikujua pana mfupa.

Picha ya sumaku ndiyo iliyomaliza ubishi. Daktari alinichorea nyuma ya bahasha, na bahasha hiyo ninayo. Nyuma kabisa ya pua kuna chumba cha hewa kinachoitwa sinusi ya sfenoidi. Ukuta wa nyuma wa chumba hicho ni mfupa wenye mteremko, klivusi, na nyuma ya mfupa huo ndipo shina la ubongo lilipo. Kwenye mteremko huo mimi nilikuwa na kijinyama laini kilichojaa utelezi, kimeshikiliwa na kikonyo cha mfupa. Kinaitwa ekikodosisi fisalifora. Si saratani, wala si kitu nilichokipata ukubwani. Mtoto akiwa bado mimba, kabla hana uti wa mgongo, anakuwa na kijiti laini cha kumnyoosha, notokodi. Uti ukishajengwa kijiti hicho kinayeyuka, lakini kwa baadhi yetu kipande kinabaki juu pale kichwani. Wanaopasua maiti wamekikuta kwa watu kama 2 katika kila 100, waliokufa kwa mambo mengine kabisa bila kujua wanacho. Daktari Virchow wa Ujerumani alikieleza tangu mwaka 1857, akadhani ni gegedu. Mwaka uliofuata mwenzake Müller akasema ni mabaki ya notokodi, na ndivyo ilivyo. Kwamba kijinyama hicho kinatoboa mfupa na utando wa ubongo mpaka maji yakaingia puani, hiyo ndiyo nadra. Daktari alikuwa amekisoma tu, hajawahi kukiona, na niliona amefurahi kidogo. Nilimsamehe.

Furaha yake ilikuwa na sababu nyingine. Pale pale kwenye mteremko huota uvimbe mbaya unaoitwa kodoma, unaotokana na mabaki hayo hayo, na huo ni saratani inayokula mfupa. Walinidunga dawa ya kung'arisha picha ili kuvitofautisha. Kodoma kwa kawaida hung'aa. Changu kilibaki giza, na mfupa unaokizunguka haujaliwa isipokuwa pale palipotoboka. Usiku wa kungoja jibu hilo sitauandika hapa.

Nilipasuliwa Johannesburg, ambako dada wa mume wangu anafanya kazi. Likelemba, mchango wa zamu wa mafundi wenzangu, ilinipa zamu isiyo yangu, tukauza na kiwanja, tukapanda basi kupitia mpakani Kasumbalesa. Haya mengine ya safari kila mtu wa hapa anayajua.

Ninachotaka kusimulia ni kiraka. Nilimuuliza daktari mpasuaji, kwa Kifaransa changu na Kiingereza cha wifi, atakishona na uzi gani. Alicheka, akavuta kiti. Zamani, alisema, ilibidi kufungua fuvu kwa mbele na kuinua ubongo. Walter Dandy wa Marekani ndiye aliyeripoti kuziba tundu la namna hiyo kwa kupasua, mwaka 1926, na alitumia kiraka alichokitoa kwenye utando unaofunika misuli ya paja. Paja bado linatumika. Ila siku hizi wanaingilia puani na kamera nyembamba, uso haukatwi, nywele hazinyolewi. Kule ndani hakuna nafasi ya mkono kuvuta uzi. Kwa hiyo kiraka cha kwanza kinakatwa kikubwa kuliko tundu, kinapenyezwa upande wa ndani, kingo zake zinajificha chini ya mfupa, na maji yenyewe yakisukuma kutoka ndani yanakibana. Kiraka cha pili kinatoka puani: ngozi laini ya ukuta unaogawa matundu mawili. Hiyo haibanduliwi yote. Inaachwa imeshika upande mmoja, na mshipa wake wa damu unaingia pale, halafu inageuzwa na kulazwa juu ya tundu ikiwa hai. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 2006 na Hadad na Bassagasteguy, madaktari wa Argentina, na wenzao wa Pittsburgh, Marekani. Juu yake gundi ya kitabibu, kisha pamba maalumu ya kushikilia. Watu zaidi ya 9 katika 10 wanapona kwa kupasuliwa mara moja. Mimi nimeshona miaka mingi na sikuwa nimewahi kufikiria kiraka kinachobaki na damu yake. Nilimwambia anionyeshe tena kwa leso ya karatasi, akanionyesha, na kingo alizikunja vizuri kuliko wanafunzi wangu.

Kijinyama chenyewe kilitolewa kikapelekwa kupimwa, wakathibitisha jina lile.

Baadaye ni kukaa kama bibi harusi. Kichwa juu ya mito, usipenge, usiinue ndoo, ukisikia chafya fungua mdomo itokee huko, na walinipa dawa ya kulainisha choo ili nisijikamue. Kuinamia cherehani kulikatazwa kwa wiki kadhaa. Wanafunzi walishona mbele yangu nikiwaelekeza kwa fimbo. Nikachanjwa chanjo ya pneumokoki. Pua ya kulia sasa ni kavu kama ya kushoto, na vumbi likija napata mafua ya kawaida kama raia wengine, matundu yote mawili, leso inakakamaa.

Sasa ombi langu, Mhariri. Siwaambii muwatishe watu. Anayechuruzika matundu yote mawili, anawashwa macho na kupiga chafya mfululizo, huyo ni wa vumbi, ajifukize akipenda. Lakini mrekebishe ile sentensi ya maji meupe. Maji meupe kama ya kisima, yanayotoka tundu moja tu, yanayoongezeka mtu akiinama, yenye chumvi, yasiyokakamaza leso, huyo asipenge, asivute ugoro, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo na aseme maneno hayo hayo. Kama amewahi kuugua menenjiti, aseme hilo kabla hajakaa kwenye kiti.

Waandikieni na vijana wa manseba, wale wa pikipiki za abiria. Kila wiki tunaona wanavyoanguka bila kofia. Mtu aliyegonga kichwa akatoka maji puani au sikioni, hata siku kadhaa baadaye, familia inafurahi kwamba si damu. Hayo ndiyo maji yenyewe. Wodini niliambiwa kwamba ya ajali mengi hujifunga yenyewe mgonjwa akilazwa na kutulia, lakini lazima awe chini ya macho ya daktari, si juu ya pikipiki tena kesho yake.

Na akina mama. Kwenye kitanda cha jirani kule wodini alikuwa mama mmoja na mtoto wake mdogo, ambaye tangu kuzaliwa alikuwa na "nyama ya pua" upande mmoja, na nyama hiyo ilikuwa inavimba akilia. Fundi fulani wa kienyeji alitaka kuikata. Haikuwa nyama. Ulikuwa utando wa ubongo ulioshuka puani kupitia tundu alilozaliwa nalo. Mtoto wa hivyo apigwe picha kwanza, asiguswe na wembe wala mkasi wa mtu yeyote.

Kuhusu kipimo: kwa nini kichupa cha matone machache kivuke mipaka mitatu ndipo mtu wa Lubumbashi ajue pua yake inavuja nini, hilo naomba mwandishi wenu akawaulize wakubwa wa afya wa mkoa, mimi hawatanipokea. Awaulize pia kama fomu ya vituo vya afya inaweza kuongezwa swali moja, "tundu moja au yote mawili?"

Mna nafasi. Chini ya ukurasa wa afya kila wiki kuna tangazo la dawa ya kuzibua pua "kwa siku tatu tu, bila daktari". Robo ya eneo hilo inanitosha.

M.K.
Fundi cherehani, Katuba, Lubumbashi
(Jina kamili nimewaandikia nyuma ya bahasha)